Åsmund Laerdal, mtengeneza magari ya watoto aliyefundisha dunia kuamsha moyo uliosimama

Åsmund Laerdal hakuwa mganga wala muuguzi. Alikuwa mfanyabiashara wa Stavanger, mji wa bandari ulioko kusini-magharibi mwa nchi ya Norwe, na kazi yake ilikuwa kuuza kadi za salamu, vitabu vya watoto, wanasesere na magari madogo ya plastiki. Alifariki mwaka wa 1981. Hata hivyo, watu wengi wanaofanya kazi leo katika vyumba vya wagonjwa wa moyo walio mahututi walianza kujifunza kazi yao juu ya kifua cha mwanasesere aliyetoka katika kiwanda chake.

Mwanasesere huyo anaitwa Resusci Anne. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 300 duniani wamejifunza kwake namna ya kumpulizia hewa mtu asiyepumua na kumbonyeza kifua ili damu iendelee kuzunguka. Maisha ya mtu aliyemtengeneza yanaonyesha jambo ambalo mara nyingi husahaulika pale uvumbuzi wa tiba unaposifiwa: mganga anaweza kugundua njia ya kuokoa maisha, lakini njia hiyo haitamwokoa mtu yeyote mpaka apatikane mtu wa kuiweka katika mikono ya wengine.

Kutoka kadi za salamu hadi plastiki

Laerdal alianzisha kampuni yake mwaka wa 1940, mwaka ule ule ambao majeshi ya Ujerumani yaliivamia Norwe. Mwanzoni ilikuwa nyumba ndogo ya uchapishaji. Ilitoa kadi na vitabu vya watoto, kisha ikaingia katika vitu vya michezo vilivyochongwa kwa mbao.

Vita vilipomalizika, plastiki laini ilianza kuenea Ulaya. Wafanyabiashara wengi waliiona kama kitu cha bei rahisi tu. Laerdal aliona zaidi ya hapo: kitu kinachoweza kupewa umbo lolote, kikawa laini kama ngozi, na bado kikavumilia kutupwa na kukanyagwa na watoto. Alijifunza kazi hiyo kwa makini. Magari yake madogo ya plastiki, yaliyoitwa Tomte, yaliuzwa kwa mamilioni katika nchi nyingi. Alitengeneza pia mwanasesere wa watoto wa kike aliyeitwa Anne, mwenye macho yaliyofumba alipolazwa. Anne alipendwa sana na akaipa kampuni jina.

Ujuzi huo ndio uliomleta karibu na watu wa huduma ya kwanza. Idara za ulinzi wa raia za Norwe zilihitaji vidonda vya bandia kwa ajili ya mazoezi: ngozi iliyochanika, mfupa uliovunjika, mguu ulioungua. Mtu aliyejua kutengeneza ngozi ya mwanasesere aliweza kutengeneza jeraha lililofanana na la kweli. Laerdal akaanza kuwatumikia waganga na waokoaji, huku bado akiendelea na vitu vya watoto.

Mtoto aliyetolewa majini

Mwaka wa 1955 hatari iliingia nyumbani kwake. Mtoto wake wa kiume, Tore, aliyekuwa na miaka 2, alizama majini. Baba yake alimfikia kwa wakati, akamtoa akiwa amelegea, akamsaidia kuyatoa maji yaliyokuwa yameziba njia ya hewa. Mtoto akapona.

Wakati huo mzazi wa kawaida hakuwa na elimu ya kufuata katika hali kama ile. Mafundisho ya huduma ya kwanza yaliyotumika Ulaya yalisema mtu aliyezama alazwe kifudifudi, agandamizwe mgongoni na kuinuliwa mikono, kwa matumaini kwamba hewa itaingia na kutoka yenyewe. Njia hizo zilikuwa katika vitabu kwa miaka mingi, na wengi walizikariri. Waganga walikuwa karibu kuonyesha kwamba, kwa mtu aliyepoteza fahamu, hazikufaa kitu.

Waliyogundua waganga wa Baltimore

Ugunduzi wenyewe ulifanyika katika mji wa Baltimore, Marekani, kwa hatua mbili ambazo baadaye ziliunganishwa.

Hatua ya kwanza ilihusu hewa. Peter Safar, mganga wa dawa za usingizi aliyezaliwa Vienna, alifanya majaribio katika miaka ya 1957 na 1958 juu ya watu waliojitolea. Walilazwa usingizi na kupewa dawa ya kulegeza misuli, hata wasiweze kupumua wenyewe. Kisha wengine waliwapulizia hewa mdomoni. Majaribio yalionyesha mambo mawili. Kwanza, mtu akipoteza fahamu, ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Kichwa kikiinamishwa nyuma na kidevu kikainuliwa, njia hufunguka. Pili, hewa inayotoka katika mapafu ya mtu mmoja inatosha kumweka hai mwingine. Kugandamiza mgongo hakukuweza kuifungua njia hiyo.

Hatua ya pili ilihusu moyo. Mpaka wakati huo, moyo ukisimama, mganga alilazimika kupasua kifua na kuukamua kwa mkono. Mwaka wa 1947, mpasuaji Claude Beck wa Cleveland alimwokoa kijana wa miaka 14 kwa kuukanda moyo wake na kuupa mshtuko wa umeme, lakini kifua kilikuwa tayari wazi kwa sababu ya upasuaji. Nje ya chumba cha upasuaji, mgonjwa wa namna hiyo hakuwa na tumaini.

Kisha William Kouwenhoven, injinia wa umeme katika chuo kikuu cha Johns Hopkins, pamoja na James Jude na Guy Knickerbocker, wakagundua kwamba kukibonyeza kifua kwa nguvu kutoka nje, katikati ya mfupa wa kifua, kunaisukuma damu mwilini. Dalili ya kwanza waliipata kwenye mbwa wa majaribio: vyuma vizito vya mashine ya umeme vilipokandamizwa kifuani, mapigo yalionekana katika mshipa hata kabla ya umeme kuwashwa. Mwezi wa 7 mwaka wa 1960 walichapisha habari za wagonjwa 20. Kati yao, 14 walipona.

Hapo ndipo maarifa yalipokamilika: fungua njia ya hewa, pulizia, bonyeza kifua. Hakuna kisu wala mashine. Mtu yeyote mwenye mikono miwili na pumzi angeweza kufanya hivyo, mradi awe amefundishwa.

Tatizo lilikuwa kufundisha

Kufundisha hakukuwa rahisi. Huwezi kukibonyeza kifua cha mtu mzima wa afya kwa kina cha sentimita 4 au 5. Utamvunja mbavu, na moyo unaopiga vizuri unaweza kuvurugika. Huwezi pia kumlaza kila mwanafunzi kwa dawa ya kulegeza misuli kama Safar alivyofanya kwa waliojitolea. Wanafunzi walipopulizana wao kwa wao, waliona haya, waliogopa magonjwa, na hawakujua kama hewa imeingia au imeishia mashavuni.

Zilibaki njia za darasani: mwalimu anaeleza, picha inaonyeshwa, filamu inachezwa. Lakini mtu aliyetazama filamu mara moja, siku atakapomkuta jirani ameanguka sakafuni, mikono yake itatetemeka bila kujua pa kuanzia.

Mtu wa kwanza kupeleka jambo hili Stavanger alikuwa Bjørn Lind, mganga wa dawa za usingizi katika mji huo. Mwaka wa 1958 waganga wa usingizi wa nchi za Skandinavia walikutana Gausdal, Norwe, na Safar akaja kueleza majaribio yake. Lind alirudi nyumbani akiwa amesadiki. Katika mji wake alikuwepo mtengeneza wanasesere aliyekwisha kutengeneza vidonda vya bandia, na ambaye mtoto wake alikaribia kufa maji. Wakaanza kazi pamoja.

Mwili wa plastiki wenye koo la mtu

Laerdal alijiwekea lengo gumu: mwanasesere mwenye ukubwa wa mtu mzima, ambaye angekataa kudanganywa. Kichwa kikilala vibaya, njia ya hewa ingebaki imefungwa, na hata mwanafunzi akipuliza kwa nguvu zote kifua kisingeinuka. Kichwa kikiinamishwa nyuma kama Safar alivyofundisha, hewa ingepita na kifua kingepanda. Kwa hiyo mwalimu hakuhitaji kumwambia mwanafunzi kwamba amekosea. Mwanasesere mwenyewe angemwonyesha.

Hilo lilikuwa jambo jipya katika mafunzo ya tiba. Wakati huo, wanafunzi walijifunza juu ya maiti, kwa kutazama, au juu ya mgonjwa mwenyewe. Kwa moyo uliosimama, kujifunza juu ya mgonjwa maana yake ilikuwa kwamba wa kwanza kufikiwa na mikono isiyojua ndiye aliyelipa.

Mwanasesere alionyeshwa kwa umma mwaka wa 1960. Laerdal alifunga safari hadi Marekani kumwonyesha Safar. Safar alifurahi, lakini alimwomba jambo moja zaidi. Kwa kuwa habari za Kouwenhoven na wenzake zilikuwa zimeanza kuenea, kupulizia peke yake hakukutosha tena. Safar alishauri kifuani iwekwe springi, ili mwanafunzi azoee pia kubonyeza. Laerdal alirudi Stavanger na kuiweka. Tangu hapo, Anne alikuwa na mapafu na kifua pamoja, na mapigo ya shingoni ambayo mwalimu aliweza kuyawasha na kuyazima.

Uso wa msichana asiyejulikana

Laerdal alitaka mwanasesere awe mwanamke. Alifikiri kwamba wanaume, ambao wengi wangejifunza kazi hii, wangesita kuweka midomo yao juu ya mwanasesere wa kiume, na kwamba sura ya mwanamke isingewatia watu hofu. Alihitaji uso uliotulia, kama wa mtu aliyelala.

Aliukuta ukutani, katika nyumba ya jamaa zake. Ulikuwa kinyago cha plasta cha msichana aliyetabasamu huku macho yamefumba, kitu kilichotundikwa katika nyumba nyingi za Ulaya kama pambo. Kwa kadiri ya hadithi iliyoenea, msichana huyo alitolewa katika mto Seine mjini Paris, mwishoni mwa karne ya 19. Hakuna aliyejitokeza kumtambua, na mfanyakazi wa nyumba ya kuhifadhia maiti aliuchukua umbo la uso wake kwa sababu ya uzuri wake. Watu wengi wana shaka na hadithi hiyo, kwa kuwa uso wa mtu aliyezama hauwi mtulivu namna ile. Waandishi na wasanii wa Ulaya walimpa jina la Asiyejulikana wa Seine na kumtungia hadithi nyingi.

Laerdal alimpa kazi. Uso huo ukawa uso wa Anne, na ndiyo maana husemwa kwamba huyo ndiye mwanamke aliyepigwa busu na watu wengi kuliko wote duniani. Ikiwa hadithi ya mto ni ya kweli, basi msichana ambaye hakuna aliyemwokoa amewasaidia watu wengi kuokolewa. Jina lake liliingia hata katika muziki: maneno ambayo wanafunzi hufundishwa kumwuliza Anne, kama yuko salama, yalisikika baadaye katika wimbo Smooth Criminal wa Michael Jackson.

Kwanza watoto wa shule

Wapo wengi ambao wangeishia hapo, wakauza mwanasesere kwa hospitali na kuhesabu faida. Laerdal na Lind walitaka kujua kama kweli anafundisha. Wakaanza na shule.

Lind alipima namna wanafunzi wa shule za msingi walivyojifunza kupulizia hewa, na matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 1961. Watoto waliofanya mazoezi kwa mikono yao waliweza kazi hiyo vizuri. Jambo hilo liliwashangaza waliofikiri kwamba kuokoa maisha ni siri ya waganga. Mafunzo yakaingia katika shule za Norwe, na nchi hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kuwafundisha watoto wa shule kuokoa asiyepumua.

Mwaka huo huo wa 1961, wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Stavanger kuzungumzia uokoaji wa dharura. Mji ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia ukawa mahali pa kukutania watu wa fani hii.

Si wote waliokubali kasi hiyo. Kwa miaka kadhaa, waganga wengi waliona hatari kumwachia mtu wa kawaida kubonyeza kifua cha mwenzake. Nchini Marekani, mkutano wa kitaifa wa mwaka wa 1966 ulipendekeza mafunzo kwa watu wa sekta ya afya, lakini raia wa kawaida hawakuwamo. Milango ilifunguka polepole. Mwaka wa 1972, mganga wa moyo Leonard Cobb alianza katika mji wa Seattle mpango wa kuwafundisha raia kwa maelfu, na mwaka wa 1974 mwongozo wa Marekani ukakubali kwamba raia wafundishwe. Waliotaka kufundisha umati wa watu walihitaji kifaa kilicho tayari. Anne alikuwa akiwangoja kwa zaidi ya miaka 10.

Anne aingia katika vyumba vya wagonjwa wa moyo

Katika miaka hiyo hiyo, hospitali zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka wa 1961, mganga Desmond Julian wa Edinburgh alipendekeza wagonjwa wenye mshtuko wa moyo wawekwe pamoja katika chumba kimoja, mapigo yao yakifuatiliwa mchana na usiku kwa mashine, karibu na watu walio tayari kuchukua hatua. Mwaka uliofuata, Hughes Day alifungua chumba cha namna hiyo katika jimbo la Kansas, Marekani.

Sababu ilikuwa saa. Mgonjwa mwenye mshtuko wa moyo huweza kuwa anazungumza na ndugu zake, na ghafla moyo ukaanza kutetemeka badala ya kupiga. Damu haiendi tena. Baada ya dakika chache ubongo unaanza kufa. Mshtuko wa umeme unaweza kuurudisha moyo katika mwendo wake, lakini ukichelewa haufai. Mganga anayeitwa kutoka upande mwingine wa hospitali atamkuta mgonjwa amekwisha kufa. Aliye karibu na kitanda ni muuguzi.

Kwa hiyo vyumba hivyo vilileta mageuzi makubwa: muuguzi aliruhusiwa kusoma mchoro wa moyo, kuamua, na kutoa mshtuko wa umeme kabla mganga hajafika. Lakini muuguzi huyo angejifunza wapi? Kosa moja juu ya mgonjwa halirekebishiki.

Kiwanda cha Laerdal kilijibu kwa hatua. Alitengenezwa Anne mwenye kifaa cha kuandika juu ya karatasi kina cha kila mbonyezo na kiasi cha kila pumzi, ili mwanafunzi na mwalimu wasibishane juu ya aliyofanya. Katika miaka ya 1970 alitokea Anne aliyeweza kuugua moyo. Mwalimu alichagua mwendo wa moyo, mchoro ukaonekana katika mashine ile ile iliyotumika wodini, na mwanafunzi akatoa mshtuko wa kweli juu ya kifua cha plastiki. Kama ameusoma mchoro vibaya, aliliona kosa lake hapo hapo, na hakuna aliyekufa.

Kampuni ilitengeneza pia vifaa vya kazi yenyewe: mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono, barakoa ndogo ya kuwekwa mfukoni ili mwokoaji asigusane na mdomo wa mgonjwa, na mashine ya kunyonya uchafu kooni. Polepole magari ya watoto yaliachwa. Kampuni ya vitu vya michezo ikawa kampuni ya tiba.

Jambo alilolipa mwenyewe

Laerdal hakuishia kuuza. Mwaka wa 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, ulianzishwa mfuko unaobeba jina lake, kwa ajili ya kugharimia utafiti wa tiba ya dharura. Mtoto aliyetolewa majini mwaka wa 1955, Tore Laerdal, ndiye aliyechukua uongozi wa kampuni baada ya baba yake.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1990, wataalamu walikutana Utstein, makao ya zamani ya watawa karibu na Stavanger, wakakubaliana namna moja ya kuhesabu na kuripoti wagonjwa ambao moyo umesimama. Kabla ya hapo, kila mji ulihesabu kwa njia yake, na haikuwezekana kujua nani anaokoa wengi. Tangu wakati huo, jina la Utstein linatumika kila mahali ambapo takwimu hizi zinaandikwa.

Kutoka mikutano ya Utstein ilitoka pia hesabu fupi, iliyochapishwa mwaka wa 2013, ambayo inaeleza maisha ya Laerdal ingawa hakuiona. Inasema idadi ya watakaopona ni zao la mambo matatu yaliyozidishwa: ubora wa sayansi, ubora wa mafunzo, na namna mambo hayo yanavyotekelezwa mahali husika. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, moja likiwa sifuri, jibu ni sifuri. Sayansi nzuri bila mafunzo haiokoi mtu.

Somo lililotoka Haydom

Urithi wa Laerdal umefika pia Afrika, na hapa umepata mafanikio na onyo.

Mwaka wa 2010 ulizinduliwa mpango wa kuwafundisha wakunga na wauguzi kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua anapozaliwa. Chombo chake kikuu ni mjukuu wa Anne: mwanasesere mdogo aitwaye NeoNatalie, anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto wa kweli. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuupima. Katika hospitali 8 za nchi hiyo, vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa karibu nusu, kwa kadiri ya matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2013.

Lakini hospitali ya Haydom, iliyoko kaskazini mwa Tanzania, ilitoa habari nyingine. Huko, wafanyakazi walipewa mafunzo ya siku moja. Walipopimwa juu ya mwanasesere, walikuwa wameendelea vizuri. Walipotazamwa katika chumba cha kuzalishia, matendo yao hayakuwa yamebadilika. Hospitali haikukata tamaa. Mwanasesere aliwekwa karibu na mahali pa kazi, na wafanyakazi wakafanya mazoezi mafupi, ya mara kwa mara. Hapo ndipo vifo vya saa 24 za kwanza vilipopungua.

Hayo yanafanana na yanayojulikana juu ya ufufuaji wa moyo wa watu wazima. Mtu aliyefundishwa kubonyeza kifua huanza kupoteza ustadi baada ya miezi michache tu. Cheti kinabaki ukutani, lakini mikono imesahau. Kwa sababu hiyo, hospitali nyingi zinaacha polepole semina ndefu ya mara moja kwa mwaka au miwili, na kuchukua mazoezi ya dakika chache yanayorudiwa, palepale wodini.

Kazi ya Haydom na ya wataalamu wengine wa Tanzania ilizaa pia kifaa cha kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto akiwa bado tumboni. Kifaa hicho, kinachotengenezwa na tawi la kampuni iliyoanzishwa na Laerdal, kilipewa jina la Kiswahili: Moyo. Hapa kwetu, Kinshasa nako watafiti wamejaribu kifaa cha kampuni hiyo hiyo kinachosoma haraka mapigo ya moyo wa mtoto aliyekwisha kuzaliwa, ili mtoto aliye hai asiandikwe kuwa amezaliwa mfu.

Alichokiacha

Leo wapo wanasesere wanaotoa jasho, wanaozungumza, wanaobadilisha rangi ya midomo, na ambao moyo wao unaongozwa na kompyuta. Mafunzo ya kikundi kizima cha chumba cha wagonjwa mahututi hufanyika juu yao: mmoja anabonyeza, mwingine anatia dawa, wa tatu anaangalia saa, na kiongozi anajifunza kutoa amri inayosikika. Bei yao ni kubwa, na hospitali nyingi za Afrika haziwezi kuwanunua.

Hata hivyo, kiini hakijabadilika tangu mwaka wa 1960, na hakihitaji kompyuta. Mwanafunzi apewe nafasi ya kukosea mahali ambapo kosa haliui. Kifaa kimwonyeshe kosa lake mara moja. Kisha arudie mpaka mikono ijue, na arudi tena kabla haijasahau.

Åsmund Laerdal hakugundua namna ya kupulizia hewa wala ya kubonyeza kifua. Waliogundua ni wengine, na majina yao yako katika vitabu vya udaktari. Yeye alijua kutengeneza koo la plastiki linalofunguka kichwa kikiinamishwa nyuma. Bila koo hilo na springi ile, ugunduzi wa Baltimore ungechukua miaka mingi zaidi kumfikia muuguzi wa zamu ya usiku, mwalimu wa shule, au mzazi anayemtoa mtoto wake majini.